Waanzilishi wa Tuzikane

Sandrine alifika saa tisa mchana, kwa miguu, na kitu cha kwanza Ayoubu alichokiona ni viatu vyake, kwa sababu yeye alikuwa amelala chali chini ya pikipiki akifungua bolti ya injini. Vilikuwa viatu vya kike vya ofisini, vimejaa vumbi la mtaa wa Mikelenge.

"Njo wewe papa Ayoubu?"

"Njo mimi. Pikipiki iko wapi?"

"Sina pikipiki, papa. Nimetumwa na mama Mounira."

Ayoubu hakutoka mara moja. Alibaki pale chini, spana mkononi, akitazama mafuta yakijikusanya kwenye bolti na kudondoka. Jina hilo hakuwa amelisikia likitamkwa kwa miaka ishirini na miwili. Alipojivuta nje na kukaa kitako, aliona msichana wa miaka kama ishirini na saba, mwenye miwani, amekumbatia faili kifuani.

"Mounira iko muzima?"

"Alifariki mwezi wa tatu, papa, kule Kigoma. Mimi nilienda kumuona mbele ya kufa. Alinipa hii."

Akafungua faili. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya zamani, imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikatoboka, imepigwa taipu kwa Kifaransa. Chini kabisa palikuwa na majina manne: Mbaraka, Mounira, Donatien, Ayoubu. Mbele ya majina matatu palikuwa na sahihi. Mbele ya la nne palikuwa patupu.

Ayoubu alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, ingawa hakuwa na nia ya kuishika karatasi ile. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alikuwa na mke, Safia, na watoto wanne, wa kwanza wao Idrissa. Alikuwa na nafasi yake ya kila siku katika safu ya pili msikitini, na mtaa mzima ulimjua kama mtu asiyependa maneno mengi. Kila mtu aliyekuwa akijua habari za karatasi ile alikuwa amekufa au amepotea. Ndivyo alivyokuwa akiamini.

"Unataka nini, mama?" aliuliza.

Sandrine alichuchumaa ili waongee kwa sauti ya chini. Alimwambia kwamba yeye na wenzake wana shirika dogo pale Kindu. Kwenye kibao cha mlango wameandika afya ya vijana, lakini ndani ni wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, watu kumi na mmoja, ambao hawana pengine pa kukaa na kuvuta pumzi.

"Kila siku wanatuambia hii kitu imeletwa na wazungu," alisema. "Wanasema imeingia na telefone. Sasa mimi nataka kuandika historia yenu, papa. Wajue kama mwaka wa elfu mbili na mbili, katikati ya vita, hakuna muzungu, hakuna telefone, hapa hapa Kindu kulikuwa chama." Akaigusa ile karatasi. "Mama Mounira alisema wote waliogopa. Alisema muntu moja tu hakuogopa. Ayoubu alimupelekea Mbaraka chakula ku kasho, mule kifungoni, paka siku ya mwisho."

Nyuma ya nyumba Safia alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo. Mchi ulisimama, kisha ukaendelea.

"Sahihi yako haiko hapa, papa."

"Kalamu ilikauka," alisema Ayoubu.

Na Sandrine akaandika hivyo hivyo kwenye daftari lake.

*

Mwaka ule mji wa Kindu ulikuwa mikononi mwa waasi, na waasi wenyewe walikuwa wamezingirwa na wapiganaji wa Mai-Mai waliokaa msituni. Treni ilikuwa haijaja tangu vita vianze. Mabehewa yalisimama pale stesheni, majani yakiota kati ya reli. Boti hazikupanda wala kushuka. Mtu aliyethubutu kwenda shambani mbali kidogo na mji alipigwa risasi na huyu au na yule, na mihogo ikaoza ardhini huku watu mjini wakichemsha majani.

Mbaraka alikuwa karani wa stesheni isiyo na treni. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akafungua ofisi, akapangusa mashine ya taipu, akakaa. Alikuwa mtoto wa watu wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, wa familia ya Waislamu wa zamani, mrefu, mwenye sauti ya upole na tabia ya kumaliza kila jambo alilolianza. Ayoubu alikuwa na banda lake la baiskeli mbele ya stesheni. Walianza kwa kusalimiana, wakaendelea kwa kula pamoja mchana, na kwa miaka miwili walikuwa wakipendana bila mtu kuwashuku, kwa kuwa katika mji wenye njaa hakuna anayeshangaa kuona wanaume wawili wakigawana sahani moja.

Wengine wawili wa karatasi ile walikuwa Mounira, mpika sabuni, ambaye alikuwa amekataa wachumba mpaka wachumba wakachoka, na Donatien, mwimbaji wa kanisa. Donatien alikuwa akiishi na muuguzi mmoja aitwaye Kitenge, na watu waliambiwa ni binamu yake.

Kitenge ndiye aliyewaunganisha, na aliwaunganisha kwa kufa. Alikonda miezi sita, akafa Jumatatu asubuhi. Kaka zake walikuja, wakasimama mlangoni, wakatazama. Mkubwa wao akasema kwamba mtu aliyeishi vile hawezi kuoshwa na mikono ya familia. Wakamfunika na mkeka, wakaondoka, na hawakurudi. Donatien alikaa na maiti siku hiyo, na kesho yake, na jua lilikuwa kali. Majirani wakaanza kulalamika. Ndipo alipokwenda stesheni, akasimama mbele ya dirisha la Mbaraka, akamwomba msaada.

Mbaraka aliwaita Ayoubu na Mounira, wakamwosha wanne. Ayoubu ndiye aliyetangulia kuingia, na ndiye aliyeshika mabega wakati wengine bado wanafunga vitambaa puani. Walimbeba kwa baiskeli mbili zilizofungwa mbao katikati, wakamzika mwisho wa Mikelenge, mahali ambapo nyumba zinaishia na mashamba yanaanza, wakichimba kwa zamu huku mmoja akichungulia askari. Mbaraka alisoma dua yake, Donatien akaimba wimbo wake, na hakuna aliyeona kosa katika hilo.

Walipokuwa wakinawa matope, Mounira aliuliza, "Na mimi? Nani atanisafisha?"

Waliendelea kunawa. Lakini Jumapili iliyofuata Mbaraka aliwafungulia behewa moja la abiria, wakakaa kwenye viti vyenye vumbi, madirisha yamefungwa, na akawasomea alichokuwa amekipiga taipu wiki nzima. Chama kingeitwa Tuzikane. Sharti la kwanza lilisema kila mwanachama ataoshwa na kuzikwa na wenzake, hata kama familia imekataa, hata kama vita vinaendelea. Sharti la pili lilisema hakuna mwanachama atakayepigwa, kufukuzwa nyumbani wala kunyimwa kazi kwa sababu ya mtu anayempenda, na chama kitamtetea mbele ya wakubwa.

"Toa hiyo ya pili," alisema Ayoubu. "Vyama vya mazishi viko vingi, hakuna atakayetuuliza kitu. Hiyo ya pili itatuua."

"Bila hiyo ya pili tutakuwa chama cha kungojea kufa," alisema Mbaraka.

"Sasa si tunakufa?"

"Nilisoma kitabu cha sheria, kiko pale ofisini, nilikisoma chote. Hakuna mahali kinasema sisi ni wahalifu. Hakuna. Kama hakuna sheria inatukataza, basi tunaweza kuandikisha chama kama watu wengine. Nataka muhuri, Ayoubu. Nataka karatasi moja katika hii inchi, yenye muhuri, inayosema sisi tuko."

Walijadiliana mpaka joto la behewa likawashinda. Mounira alisaini. Donatien alisaini, akilia. Mbaraka alisaini kwa herufi zake nzuri. Ayoubu aliishika kalamu, akasema amesahau kufunga banda, akatoka.

*

Wenzake Sandrine walimkaribisha Ayoubu Jumamosi, saa kumi. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye bati jipya, mapazia yamevutwa ingawa jua lilikuwa bado juu. Ndani vijana kumi na mmoja walisimama kwa pamoja alipoingia. Hakuwa ameona watu wakisimama kwa ajili yake namna ile tangu harusi yake. Walimpa kiti chenye mto, wakamletea Fanta na mandazi kwenye sahani ya maua, na kila mmoja alikuja kumshika mkono kwa mikono miwili.

Aliwatazama. Wawili kati yao, wanaume, walikaa bega kwa bega kwenye kochi, na mmoja aliweka mkono wake juu ya goti la mwenzake bila kufikiri, kama mtu anayeweka mkono juu ya meza. Ayoubu alishindwa kuondoa macho pale. Kwa miaka miwili yeye na Mbaraka hawakuwahi kukaa vile hata mara moja, hata ndani ya behewa lililofungwa.

Sandrine aliwasomea karatasi ya Mounira, sharti kwa sharti. Aliposoma la pili, kijana mmoja aitwaye Amani, mwalimu wa shule ya msingi ambaye baba yake alikuwa amemtolea vitu vyake nje mwezi uliopita, aliinama akafunika uso. Kisha akainua kichwa.

"Papa, ulikuwa unamubebea nini? Chakula gani?"

"Bugali," alisema Ayoubu. "Na sombe, bila mafuta. Mafuta hayakuwako. Siku zingine ndizi."

"Na askari walikuwa wanakuacha?"

"Walinizoea."

"Paka siku ya mwisho?"

Wote walikuwa wakimtazama. Katika macho yao kulikuwa na kitu ambacho hakuwa amepewa na mtu yeyote, si na Safia, si na watoto wake. Akasema, "Paka siku ya mwisho. Alikula, akanishukuru, akanirudishia sahani."

Walipiga makofi taratibu ili majirani wasisikie. Ayoubu alikula mandazi manne. Alirudi nyumbani kwa miguu akijisikia mwepesi, lakini alipofika bandani hakuingia ndani, akakaa juu ya tairi. Safia alitoka, akamwona, akamletea maji.

"Ulikwenda wapi, papa Idrissa?"

"Kuna watu walinialika."

"Watu wazuri?"

"Wazuri sana," alisema, na Safia, ambaye kwa miaka ishirini ya ndoa hakuwa amewahi kumuuliza swali la tatu, hakuuliza.

*

Jumanne asubuhi alikwenda ofisini kwa Sandrine peke yake. Msichana alifurahi, akaweka simu mezani ili inase sauti.

"Kalamu haikukauka," alisema Ayoubu.

Akamweleza. Siku ya pili baada ya mkutano wa behewani alikwenda stesheni, akamwomba Mbaraka aondoe jina lake. Mbaraka akatia karatasi mpya kwenye mashine akapiga upya ukurasa wote, chini majina matatu. Ule wa zamani Mounira aliomba kubaki nao. Mbaraka hakumlaumu. Alisema tu, macho yake yakiwa kwenye mashine, "Wewe ulikuwa wa kwanza kumushika Kitenge. Hiyo siwezi kuiandika upya." Akauliza kama Jumapili atakuja. Ayoubu akasema atakuja.

Mbaraka aliipeleka faili mwenyewe kwenye ofisi moja ya waasi, akarudi na risiti, akaionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Wiki sita baadaye askari watatu walifika stesheni na faili ile ile, wakasoma majina matatu kwa sauti, mbele ya watu.

Wote watatu walikamatwa. Mounira alifungwa siku mbili tu. Mjomba wake alikuwa mkalimani wa askari, akamtoa na kumpandisha ndege ya mizigo siku hiyo hiyo. Donatien alitwikwa maboksi ya risasi mgongoni, akapelekwa kama mpagazi na kikosi upande wa Punia, na hakuna aliyemwona tena. Mbaraka alibaki kasho, chumba cha matofali nyuma ya ile ofisi, kwa sababu karatasi ilikuwa yake, na kwa sababu walitaka awataje wengine. Katika kasho ile mfungwa hakupewa chakula. Aliyekuwa na ndugu alikula, asiye na ndugu aliomba kwa aliye naye. Mama yake Mbaraka alikuwa Alunguli, na mitumbwi ilikuwa imepigwa marufuku kuvuka.

"Nilikwenda siku ya kwanza," alisema Ayoubu. "Nilikwenda siku ya pili. Mounira aliniona, njo maana alisema vile. Siku ya tatu askari wa mulangoni akaniuliza, wewe njo nani yake? Ju tunatafuta wengine. Nikasema mimi ni fundi, aliniachia baiskeli, mama yake amenituma. Akacheka. Akasema, kesho utuambie vizuri."

Sandrine alimsogezea glasi ya maji, hakuigusa.

"Siku ya ine nilipika. Nilifunga sahani na kitambaa, nikatoka. Nilifika paka pale unaona mulango. Askari alikuwa ni yule. Nikageuka. Nikaenda stesheni, nikakaa nyuma ya behewa, nikasema nitangoja wabadilishane. Nilikuwa na njaa, mama. Wewe hujui ile njaa. Nikafungua kitambaa nikala kidogo. Halafu nikala yote. Ilikuwa tamu." Sauti yake haikubadilika. "Hiyo njo kitu sijawahi kusema. Ilikuwa tamu, nikalamba sahani."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nikasema kesho. Na ile nyingine nikasema kesho. Siku ya kumi na mbili nilikuwa natengeneza gurudumu, muntu akapita akasema karani wa stesheni amekufa. Tumbo na njaa. Aliyekuja kusema hakujua kama mimi ninamujua. Nikamaliza lile gurudumu."

"Alizikwa wapi?"

"Wafungwa wenzake walimutoa. Sijui wapi. Sikuuliza. Nani angeuliza? Chama kilikuwa kimebaki mimi."

Sandrine alinyoosha mkono akazima simu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akakaa bila kuivaa.

"Papa, ju ya nini umeniambia?"

"Uandike."

"Amani alimeza dawa mwezi uliopita, alitaka kufa. Unajua hiyo? Sasa ameandika jina yako kwenye ukuta wa chumba chake. Jina yako na siku za chakula."

"Andika, mama. Mbaraka hakunitaja. Walimupiga siku kumi na mbili na hakunitaja. Kama mukiandika mimi nilikuwa mwema, wema yake yeye haitaonekana, kumuficha muntu mwema ni rahisi. Andika alimuficha nani."

Sandrine alisema hawezi kuamua peke yake, ataongea na wenzake.

Waliongea. Baada ya siku tisa alikuja Amani, akiwa na shati la kazini, akasimama bandani bila kumshika mkono. Alisema walipiga kura. Wanane walisema habari ile isiandikwe, wawili walisema iandikwe, na yeye hakupiga.

"Wanasema maadui watafurahi, papa. Watasema hata wenyewe hawakupendana."

"Na wewe unasema nini?"

Amani alitazama pikipiki zilizopangwa. "Mimi nilifuta ukuta," alisema. Akaondoka.

Kitabu kilitoka mwezi uliofuata, kurasa thelathini na mbili, kwa Kiswahili na Kifaransa. Sandrine mwenyewe alimletea nakala, imefungwa ndani ya gazeti. Katika ukurasa wa kumi na tisa iliandikwa kwamba fundi mmoja wa baiskeli, ambaye jina lake linahifadhiwa, alimpelekea mwanzilishi chakula kila siku hadi alipofariki, na kwamba upendo huo ndio msingi wa yote. Ayoubu alisoma mstari huo akiwa amesimama. Kilikuwa kitabu kizuri. Mbaraka alielezwa vema, hata shati lake la pasi, hata sauti yake.

*

Ilibaki familia ya Mbaraka. Ayoubu aliulizia, akaambiwa mama yake Mbaraka alikwisha kufa, lakini dada mdogo, Halima, bado anakaa Alunguli kwenye parseli ile ile, kiwanja cha wazazi. Akavuka Alhamisi, asubuhi. Maji ya Lualaba yalikuwa yamejaa, yamebeba magugu, na mtumbwi ulivutwa sana na mkondo.

Halima alikuwa akipepeta mchele uani. Alikuwa na uso wa kaka yake, na Ayoubu hakuwa amejiandaa kwa hilo. Halima alimkaribisha kwa adabu, akamletea kiti, akauliza habari za nyumbani na za mke asiyemjua. Ayoubu alisema yote, tangu mwanzo hadi mwisho, haraka, kama alivyoyasema kwa Sandrine. Mikono ya Halima iliendelea kupepeta karibu muda wote. Iliposimama, ilisimama kwenye habari ya sahani ile nyuma ya behewa.

"Mama alikuwa anasimama kule ukingoni kila siku," alisema hatimaye. "Ukisimama kule unaona bati ya stesheni. Walipofungua njia akavuka, akaambiwa mutoto wako amekufa. Akauliza alikuwa anakula nini. Mufungwa moja aliyetoka akamuambia, kuna muntu alikuwa anamuletea chakula. Hakujua jina. Mama akarudi na hiyo." Alichagua punje ya jiwe, akaitupa. "Miaka kumi na moja, kila sala. Alikuwa anamuombea dua huyo muntu. Alisema, mutoto wangu hakufa kama mubwa, kulikuwa na muntu. Hata siku ya kufa alituambia sisi tuendelee kumuombea."

Ayoubu aliinamisha kichwa.

"Na sisi tuliendelea," alisema Halima. "Mimi na watoto wangu. Hata Ijumaa iliyopita."

"Nilitaka mujue."

"Tujue nini? Kama alikufa kule kasho? Hiyo tulijua. Huyo muntu wa chakula alikuwa ni kitu kizuri kimoja tulibaki nacho, hicho peke yake. Sasa umekuja kukikamata." Hakupandisha sauti. "Unataka nikusamehe?"

"Hapana."

"Basi unataka nini?"

Ayoubu alikuwa amefikiri kwamba jambo likisemwa mbele ya mwenye haki nalo litatulia mahali pake, na sasa aliona limetoka kwake limeingia kwa mwanamke huyu, na kwake halikupungua hata kidogo.

Halima alisimama, akainua ungo. "Watoto watatoka shuleni sasa hivi," alisema. "Wakikukuta wataniuliza wewe njo nani. Pita huku nyuma."

Akamfungulia njia ya nyuma, kati ya migomba, akamwonyesha kwa kidevu upande wa mto. Alisubiri mpaka amepita, kisha Ayoubu akasikia mlango wa bati ukirudishwa na komeo likiingia.

Ukingoni mtumbwi ulikuwa umejaa, wanawake na madumu ya mafuta ya mawese, mtu na mbuzi wake. Mpiga kasia alimwambia, "Muzee, ngoja mwingine." Ayoubu akasema sawa. Alikaa juu ya jiwe. Ng'ambo ya pili paa la stesheni, lile ambalo mama yake Mbaraka alikuwa akilitazama, lilionekana vizuri, kutu tupu, na alilitazama kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutazama. Mtumbwi wa pili ulipokuja, aliwaacha watu wote wapande. Wa tatu pia.

Kulipoanza kunyesha alikuwa bado amekaa pale.